Dishi za Oloipiri na ng'ombe anayejikuna

Kutoka Karatu kwenda Oloipiri kuna njia mbili, na kila dereva atakuapia kwamba ya kwake ndiyo fupi. Moja inapita lango la Lodoare, inapanda ukingo wa Kreta, inashuka kwenye mbuga za Ngorongoro na kukata kuelekea kaskazini. Hiyo ina vibali na ada zake. Nyingine inakurudisha chini mpaka Mto wa Mbu, inashika Selela na Engaruka, inapita miguuni mwa Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, inagusa Engaresero kando ya Ziwa Natron, kisha inapanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Sale. Vumbi la njia hii linaingia hata kwenye chupa ya chai iliyofungwa. Wazazi wengi wa rika langu wanaikumbuka tangu mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, yule ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo. Siku hizo lami ilikuwa hadithi. Leo ukifika Sale unapumua, maana kilomita 49 za kutoka hapo hadi Wasso zimewekwa lami, na abiria waliokuwa wamejifunika kanga usoni wanazifunua na kuanza kusemeshana.

Wasso ndiko kwenye hospitali, maduka ya vifaa vya sola, mafundi simu na dishi mpya zilizotundikwa ukutani kama sufuria. Kutoka hapo kwenda Oloipiri, upande wa Serengeti, unachukua bodaboda au unasubiri gari la mtu anayekwenda mnadani. Nchi inafunguka. Kuna migunga, kuna vichaka vya leleshwa, kuna mitarakwa kwenye vilima vya nyuma yako, na upepo usiokoma. Maboma yamekaa mbalimbali, kila moja na uzio wake wa miiba. Nyumba za udongo na samadi ziko bado, na pembeni yake zimesimama za mabati. Juu ya bomba la chuma, karibu na paneli ya sola, kuna dishi.

Ukizitazama dishi hizo ukiwa barabarani utaona zimegawanyika makundi mawili. Baadhi zimelala chali karibu kabisa, kama bakuli linalokinga mvua. Nyingine zimegeukia magharibi, kule jua linakotua, zinatazama Serengeti. Mtu wa Oloipiri akipita kwa jirani haulizi anatumia king'amuzi gani. Anatazama dishi na kujua.

Nilikwenda huko likizo ya Juni, kumtembelea rafiki niliyesoma naye sekondari, aliyeolewa Oloipiri miaka mingi sasa. Nilipoingia bomani watoto walikuja mmoja mmoja, wakainamisha vichwa ili niwaguse utosini, ndivyo mtoto wa Kimasai anavyomwamkia mtu mzima. Bibi yao alinisalimia "takwenya", nikajibu "iko", akacheka lafudhi yangu ya Karatu. Chai ya maziwa ililetwa. Ndipo mwenyeji wangu akanionyesha runinga yake, imefunikwa kitambaa cha kusuka, na juu ya kitambaa imewekwa picha ya harusi. Haijaonyesha kitu tangu mvua za Aprili. Ukiiwasha inakuandikia kwamba hakuna mawimbi, basi.

Ningekuwa mjini ningesema kukosa runinga si msiba. Lakini sikiliza jambo lenyewe. Mtoto wake wa kiume yuko darasa la sita, na tangu dishi life, amekuwa akienda senta jioni kutazama mpira kwenye kibanda umiza. Mechi za Ulaya zinaisha usiku mnene. Kutoka senta hadi bomani ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu ya mtoto, katika nchi ambayo fisi ni jirani wa kila siku na nyati hatangulizi salamu. Mara mbili alirudi na vijana wakubwa, mara ya tatu alirudi peke yake na tochi ya simu iliyokuwa ikielekea kuzima. Baba yake alimchapa. Siku iliyofuata kulikuwa na mechi nyingine, akaenda.

"Kumchapa nimeona haifai," mama yake aliniambia. "Nataka nitengeneze hiki kidude, nione kama mtoto ataniachia moyo wangu."

Fundi aliwahi kuitwa mwezi Mei. Alikuja, alizungusha dishi nusu saa, akasema satelaiti imehama, akachukua nauli yake na kuondoka. Kauli hiyo mzazi mwenzangu utaisikia hata ulipo, kwa hiyo tuanzie hapo.

Satelaiti za runinga hazihami ovyo. Ziko juu ya mstari wa ikweta, kama kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na huko juu zinaizunguka dunia kwa mwendo uleule ambao dunia inajizungusha. Kwa hiyo kwa mtu aliyesimama chini, kila moja inaonekana imeganda mahali pamoja, mchana na usiku. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza wazo hilo mwaka 1945, kabla hata ya kuwapo satelaiti moja angani. Kwa kuwa haisogei, dishi ukilifunga sawasawa mara moja linatakiwa likae hivyohivyo kwa miaka. Mawimbi yakipotea ghafla, karibu kila mara kilichosogea kiko nyumbani kwako.

Sasa angalia Oloipiri ilipo: nyuzi 2 hivi kusini ya ikweta, na nyuzi 35 na nusu hivi mashariki. Satelaiti ambayo DStv wanaitumia kwa watazamaji wa Tanzania iko nyuzi 36 mashariki. Maana yake iko karibu juu ya utosi wa mtu wa Oloipiri. Ukichora mstari kutoka kwenye satelaiti hiyo moja kwa moja hadi ardhini, unaangukia Kenya, jirani na Mogotio, ule mji mdogo wa kaskazini mwa Nakuru ambako watu husimama kupiga picha kwenye kibao cha ikweta. Ndiyo maana dishi za kundi la kwanza zimelala chali. Zinalenga nyuzi 87 na kitu kutoka upeo wa macho, na 90 ndiyo juu kabisa. Mabano mengi yanayouzwa na dishi hayakuchorwa kwa ajili yetu, namba zake zinaishia kabla ya hapo, na fundi asiyejua analazimika kupinda bomba au kuwekea vipande vya mbao.

Azam, walioanza kurusha matangazo Desemba 2013, wako kwenye nyuzi 7 mashariki. Hiyo iko mbali na sisi, juu ya maji ya Ghuba ya Guinea, si mbali na kisiwa cha São Tomé, upande wa pili wa Afrika. Satelaiti mpya ya mahali hapo, Eutelsat 7C, ilirushwa Juni 2019 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kutoka Oloipiri dishi lazima litazame magharibi, likiegemea kaskazini kidogo tu, nyuzi 4 hivi, na juu kwa nyuzi 57. Kwa macho halitaonekana limeinuka kiasi hicho, na hapa wengi hukosea. Dishi zetu za majumbani zina mdomo uliowekwa chini ya uso wa dishi badala ya katikati, ule mdomo tunaouita LNB, na hupokea kwa pembe. Dishi hulenga juu zaidi ya uso wake unavyoonyesha, kwa nyuzi 20 na kitu. Ukilielekeza uso wake sawa na jua la alasiri, ujue umepitiliza.

Dishi la mwenyeji wangu lilikuwa la kundi la pili. Nilipiga simu Wasso akaja fundi mwingine, kijana wa miaka ishirini na kitu, na spana mbili, mkanda mweusi wa gundi na simu yenye dira. Hakuligusa dishi kwanza. Alichukua uzi, akafunga jiwe dogo mwishoni, akauning'iniza kando ya bomba. Timazi ya kienyeji. Uzi ulinyooka, bomba lilikuwa limeegama.

Mwenyeji wangu alishika kiuno. Akatazama bomba, akatazama chini, akatazama zizi. Chini ya bomba udongo ulikuwa umekanyagwa na kwato, na kwenye chuma, usawa wa bega la ng'ombe, palikuwa pamesuguliwa mpaka pameng'aa. Kuna mtamba mmoja mwekundu ambaye hupenda kujikuna. Bomba lilichimbiwa tu bila zege, mvua za masika zikalainisha ardhi, na mtamba akamaliza kazi.

Kuegama kwenyewe kulikuwa kudogo, mtu usingekuona kwa macho. Lakini dishi la sentimita 90 lina jicho jembamba sana. Likikosea uzi mmoja tu linapoteza karibu nusu ya nguvu inayoingia. Na uzi mmoja, kwenye ukingo wa dishi la ukubwa huo, ni kusogea kusikofika sentimita moja. Huko juu, kilomita zaidi ya 36,000 kutoka bomani, sentimita hiyo inakuwa umelenga pembeni kwa kilomita 640 hivi, kama mtu aliyekusudia kwenda Arusha akatokea Dar es Salaam. Tena mitambo ya dijitali haina huruma ya kizamani. Enzi za antena za analojia picha ilikuwa inafifia, chenga zinaongezeka, lakini mpira ulikuwa unauona. Siku hizi inakatika vijiboksi viwili vitatu kisha kiza.

Fundi alitaka kulizungusha dishi lifidie kuegama kwa bomba. Mwenyeji wangu akakataa. Kwa Wamasai kujenga nyumba ni kazi ya wanawake. Wao ndio wanaokata fito, wanaosuka kuta, wanaokandika na wanaopanda juu kuziba panapovuja. "Nyumba hii nimeisimamisha mimi," alisema, "hili bomba moja litanishinda?" Akaleta sururu. Bomba likang'olewa, shimo likachimbwa hadi gotini, mawe yakashindiliwa kuzunguka chuma na saruji ya mfuko wa nusu uliobaki kwenye ujenzi wa choo ikamiminwa. Bibi alishika uzi wa timazi muda wote huo, amekaa kwenye kigoda, hamruhusu mtu kumpokea. Kazi ya kulenga ikaahirishwa hadi kesho yake saruji ishike. Fundi alilala bomani, na mimi nikaona hilo ndilo lililotofautisha ujira wake na wa yule wa Mei.

Asubuhi ndipo ilipoanza ile shughuli ambayo kila familia yenye dishi inaijua. Mmoja yuko kwenye dishi, mwingine ndani kwenye runinga, na katikati mnyororo wa watoto wanaopokezana sauti. Wa ndani anasema 30, wa mlangoni anapokea, wa uani anapeleka, na mpaka namba ifike kwa fundi, dishi limeshapita. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa anapaza "imepanda!" hata ilipokuwa imeshuka, kwa sababu neno hilo lilikuwa linawafurahisha watu.

Fundi akawaeleza kitu ambacho nilitamani wazazi wote wakisikie. Kwenye kioo kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Wa nguvu unaweza kuwa juu hata dishi likitazama mawingu matupu, maana unaonyesha tu kwamba waya na LNB viko hai. Wa ubora ndio unaosema umempata unayemtafuta. Kwa hiyo kijana wa darasa la sita, ambaye ndiye alikaa mbele ya runinga, aliambiwa asome mstari wa pili tu, na asiseme kitu mpaka namba itulie. King'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kukitambua kilichokiingia. Fundi alisogeza dishi kiasi cha upana wa ukucha, akasubiri wahesabu mpaka 5, akasogeza tena.

Baada ya robo saa ikasimama kwenye 60 na kitu, kisha chaneli zikaonekana nusu. Taarifa ya habari ipo, katuni hakuna. Watoto walisikitika kwa sauti moja. Fundi akaenda kwenye LNB akakuta imesimama wima, kama ilivyo kwenye picha ya boksi. Picha hiyo haikupigwa hapa. Mawimbi ya runinga hutumwa yakiwa yamesimama au yamelala, na LNB lazima igeuzwe iendane nayo. Ukiwa karibu na ikweta na ukatazama satelaiti iliyo mbali magharibi, kilichosimama kwa satelaiti kwako kimelala. Hapa Oloipiri LNB ya dishi linalotazama nyuzi 7 hugeuzwa karibu robo duara nzima kutoka ilivyo kwenye picha, huku ya dishi linalotazama utosini haihitaji mzunguko wa namna hiyo. Fundi alilegeza kikamatio, akaigeuza taratibu, na ubora ukapanda hadi 80. Katuni zikarudi. Bibi akauliza ni nani anayelia ndani, akaambiwa ni panya.

Lilibaki jambo moja, dogo na baya. Kichwa cha waya kilichoingia kwenye LNB kilikuwa na kutu ya kijani. Maji yalikuwa yameingia wakati wa masika. Kabla ya kukifungua fundi aliagiza king'amuzi kizimwe, kwa sababu waya ule hupandisha umeme mdogo, volti 13 au 18, na kuugusanisha kunaweza kuunguza kifaa. Alikata kipande kilichooza, akafunga kichwa kipya, akazungushia mkanda, kisha akauacha waya uning'inie kitanzi kabla ya kuingia, ili tone la maji lidondoke chini badala ya kutiririka hadi ndani. Kitanzi hicho hakigharimu chochote. Nimekitafuta kwenye nyumba nyingi za Karatu tangu nirudi, na ninaona zaidi ya nusu hazina.

Niseme neno kuhusu mtego mwingine unaopoteza fedha za wazazi. Angani hakuna satelaiti moja. Zimepangwa kama taa za barabarani, na jirani wa karibu anaweza kuwa nyuzi 2 tu kando. Fundi mwenye haraka humkamata jirani, mstari wa nguvu unajaa, anasema tatizo ni kifurushi, lipia kwanza. Usilipie. Mwambie akuonyeshe ubora, na akuonyeshe chaneli hata moja ya bure ikitembea, ndipo mzungumze habari ya kifurushi.

Na kama unataka kujua bila fundi endapo mti au ukuta wa jirani umekaa mbele ya satelaiti yako, jua litakusaidia mara mbili kwa mwaka. Tarehe 21 Machi na 22 Septemba hivi, pamoja na siku chache za kabla na baada, jua linapita nyuma ya satelaiti zote hizi kwa zamu. Kwa dishi la nyuzi 7, huku Ngorongoro hutokea muda mfupi kabla ya saa tisa alasiri. Kwa dishi la utosini, ni saa sita na nusu mchana na dakika chache. Wakati huo picha inaweza kukatika kwa dakika kadhaa, kwa sababu joto la jua linafunika sauti nyembamba ya satelaiti; usipige simu, itarudi. Lakini saa hiyohiyo nenda kasimame kwenye bomba la dishi. Jua lilipo, satelaiti ipo. Kama uko kivulini, huo mti ndio adui yako. Mtahadharishe mtoto asilikodolee macho jua. Kivuli kinatosha kusema.

Mvua kubwa ni habari nyingine. Matone yanayanyonya mawimbi haya, na hakuna spana itakayosaidia wingu zito la Aprili. Wazazi tuliambie hilo watoto wetu mapema, kwa sababu nimeona mtoto akitumwa nje kwenye radi akatikise dishi ili taarifa ya habari irudi. Bomba la chuma kwenye uwanda mtupu, na mtoto ameshika! Radi ikianza kunguruma, chomoa waya nyuma ya king'amuzi, chomoa na umeme, kaeni mpige soga. Na asipande mtoto juu ya bati kurekebisha kitu, hata kama ndiye mwepesi kuliko wote nyumbani. Dishi likikaa kwenye bomba linalofikiwa kwa kusimama chini, kama la Oloipiri, hakuna wa kupanda.

Jioni ile boma zima lilikaa ndani. Ilikuwa usiku wa mechi. Babu hakuja, alibaki kwenye nyumba yake na redio, na hapo nikaona kichekesho ambacho sikukitegemea: bao lilipofungwa, babu alipiga kelele sekunde kadhaa kabla ya wajukuu. Picha inasafiri hadi juu ya Ghuba ya Guinea na kurudi, na kabla ya hapo imefungashwa, na baada ya hapo inafunguliwa. Redio ya babu haina safari hiyo. Kipindi cha pili watoto walianza kumsikilizia yeye ndipo watazame.

Mwenyeji wangu hakutazama mpira. Alihesabu vichwa. Walikuwa 14, na wake ni watano. Wengine walitoka maboma ya jirani, kwa sababu habari kwamba dishi limepona ilifika kabla ya chai ya asubuhi kuisha. Akaninong'oneza kwamba mwanawe hatembei tena usiku, lakini sasa kuna watoto tisa wa watu watakaotembea usiku kutoka kwake. Hilo hatukulifikiria tulipokuwa tunachimba shimo.

Tulilizungumza mimi, yeye na mumewe baada ya watoto kulala, wale wa jirani wamejazana sakafuni na mashuka yao. Baba alitaka runinga izimwe saa mbili kila siku. Mama alisema ikizimwa saa mbili na mechi inaanza saa nne, kijana ataondoka saa mbili na dakika tano, afadhali ya jana. Wakakubaliana namna hii: usiku wa mechi kubwa watoto wa jirani wanaruhusiwa, ila wanakuja kabla ya giza na wanalala hapohapo, na mzazi wao anajulishwa kwa simu. Siku nyingine inazimwa watoto wakishakula. Betri ya sola imewasaidia kuliko amri, kwa sababu ikitumika kwa katuni mchana haifiki usiku, na kijana amejifunza kuilinda kama mchungaji anavyolinda maji kiangazi. Anawakatalia wadogo zake katuni kwa ukali ambao baba yake hakuwahi kuwa nao. Sijui kama huo ni ushindi.

Kuna baba mmoja wa boma la jirani aliyepita asubuhi akasema runinga inawaharibu watoto, wanajua majina ya wachezaji wa Hispania na hawajui rangi za ng'ombe wa babu yao. Sikubishana naye, maana ana hoja. Ila mwenyeji wangu alimkumbusha mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi 17 kwa sababu ya korona hadi Juni 29, vipindi vya masomo vikawa vinarushwa redioni na kwenye runinga. Binti yake mkubwa alikuwa mtahiniwa wa darasa la saba mwaka huo. Walikuwa hawana dishi. Binti alikwenda na ng'ombe miezi mitatu, na daftari mfukoni, halikufunguliwa. Alifaulu, lakini kwa taabu ambayo mama yake bado anaikumbuka kwa tarehe. Yule baba alikunywa chai yake, akauliza bomba tulilichimbia urefu gani.

Siku niliyoondoka mwenyeji wangu alikuwa amechora alama kwa rangi nyekundu kwenye bano, mstari mmoja ukivuka sehemu ya juu na ya chini, ili likisogea tena ajue kwa kutazama tu na arudishe mistari ikutane. Fundi ndiye aliyemfundisha, na alama nyingine ndogo aliiweka kwenye shingo ya LNB. Kisha akakata matawi ya mgunga, akalizungushia bomba uzio wa miiba unaofika kifuani, boma dogo la dishi ndani ya boma. Mtamba mwekundu alikuja akaunusa, akarudi nyuma, akasimama akitazama huku na huku. Mara ya mwisho nilipogeuka nikiwa kwenye bodaboda, alikuwa anajikuna kwenye nguzo ya choo.